Picha ya mgongo wangu ilinitisha kuliko mgongo wenyewe

Mgongo wangu ulinikamata nikiwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Sikuwa nimebeba gunia wala sikuwa nimeanguka. Nilisikia kitu kimekatika kiunoni, nikabaki nimepinda palepale, mkono mmoja ukutani, nikimwita mke wangu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Siku mbili baadaye maumivu yakaanza kushuka: kalio, nyuma ya paja, pembeni ya kigimbi, mpaka kidole gumba cha mguu. Yalikuwa yanachoma kama waya wenye umeme.

Nikalala. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nilishauriwa na kila aliyekuja kunijulia hali. Usisimame, usiiname, tulia mpaka pakae sawa. Nilikaa chali wiki tatu nzima, godoro likashushwa sakafuni. Siku niliyonyanyuka mapaja yalitetemeka kama ya mtu aliyetoka kuugua homa kali, na mgongo ulikuwa mkavu kama ubao. Kumbe suala hili lilishapimwa zamani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, watafiti wa Marekani walichukua wagonjwa 203 wa maumivu ya kiuno, wengine wakaambiwa walale siku 2, wengine siku 7. Wale wa siku 7 hawakupona mapema zaidi. Walichozidi ni kukosa kazi siku nyingi.

Kosa la pili lilikuwa kukimbilia picha. Nilijipigisha MRI, ile picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, kabla hata sijaonwa vizuri na daktari wa mifupa, nikapewa karatasi yenye maneno ya kutisha: diski, vile vijito laini vilivyo kati ya pingili, zimekauka, diski imetokeza kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, pingili zimeanza kuota vinundu. Niliisoma njiani, nikaisoma nyumbani, nikaisoma tena usiku. Kuanzia siku ile nikaacha kumbeba mwanangu. Kila nilichotaka kukiokota chini nilimwita mtu. Maumivu hayakuwa yameongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni woga, na woga hukaza misuli, na misuli iliyokazwa kutwa nzima inauma kivyake.

Daktari wa mifupa niliyemwona baadaye aliiweka ile picha pembeni bila kuifungua. Akanitembeza kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Akanilaza, akauinua mguu ukiwa umenyooka mpaka nikaguta. Akagusa ngozi ya mguu huku na huku akiniuliza wapi pana ganzi. Akauliza kuhusu mkojo na choo, jambo ambalo wakati huo niliona halihusiani. Picha ilikuja mwisho, ndipo akanieleza lililonishusha pumzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 walipigwa picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na angalau diski moja iliyovimba. Mapitio ya mwaka 2015, yaliyokusanya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu, yalionyesha dalili za diski kuchakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Uti wa mgongo nao huota mvi, na mvi haziumi.

Kwangu mimi picha na mguu vilikubaliana: diski iliyotokeza ilikuwa upande uleule na ilibana mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba. Hapo ndipo picha ina thamani, inapothibitisha kile mwili umeshakionyesha. Na hata hivyo sikupasuliwa. Wengi wenye shida kama yangu hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa sababu mwili wenyewe huila ile nyama ya diski iliyotoka nje. La kushangaza ni kwamba kipande kikubwa kilichochomoka kabisa mara nyingi hunywea kuliko diski iliyovimba kidogo tu. Karatasi yenye maneno makali zaidi huenda ndiyo yenye matumaini zaidi.

Dawa yangu ikawa kutembea. Nilianza na dakika tano, mara tatu kwa siku, kwenye ardhi tambarare, nikaongeza dakika mbili kila baada ya siku mbili. Nilifundishwa kusoma maumivu hivi: yakipanda, yaani yakiuacha mguu na kurudi kiunoni, endelea, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea unyayoni, punguza au badili. Kukaa ndiko kulikonimaliza, hasa kwenye kiti laini. Kulala kifudifudi nikiegemea viwiko kulinipa nafuu ya haraka. Lakini tafadhali usiige zoezi la jirani. Yuko mzee ambaye akitembea hatua mia miguu inajaa uzito na ganzi, akiinama mbele au akikaa inaachia. Huyo njia ya mishipa ndani ya uti imekuwa nyembamba, na zoezi langu la kujipinda nyuma litamuumiza. Kwake kuinama ni raha, kwangu ilikuwa adhabu.

Wiki ya nane nilikuwa natembea nusu saa. Ganzi ya kidole gumba ilikawia miezi mingi zaidi. Mishipa ya fahamu haina haraka.

Mama yangu shida yake ni magoti. Aliambiwa "ute umeisha" na kwamba magoti "yamesagika", kwa hiyo apunguze kutembea ili asiyamalize. Sijui maneno mawili yaliyowaharibu wazee kuliko hayo. Goti halifanani na bawaba ya mlango iliyokauka grisi. Gegedu, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale goti linapokandamizwa na kuachiwa. Ukilifungia goti ndani ya nyumba unalinyima chakula, na paja, ambalo ndilo linalopokea mshindo wa kila hatua, linakonda.

Mama alianza na kitu kimoja tu: kukaa kwenye kiti kirefu na kusimama bila kushika popote, mara kumi, asubuhi na jioni. Kiti kilipokuwa rahisi tukatafuta kifupi. Mwezi wa kwanza alilalamika kila siku, na mimi nilikaribia kukata tamaa. Mwezi wa tatu alipanda ngazi bila kutaja goti, wala hakujigundua. Nilimwambia pia habari ya uzito, kwa woga, kwa sababu huwezi kumwambia mama yako ni mzito ukabaki salama. Nilimpa hesabu: kwa wenye magoti kama yake, kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Hesabu aliikubali. Mtoa hesabu aliambiwa ajiangalie kwanza tumbo lake.

Halafu fimbo. Alikuwa anaishika upande wa goti bovu, kama wanavyofanya karibu watu wote ninaowaona. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Jaribu leo. Tofauti utaisikia hatua ya kwanza, hasa kama tatizo ni nyonga.

Sindano ya goti, ya steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, alichomwa mara moja. Ilimtuliza wiki kadhaa, nazo alizitumia vizuri kufanya mazoezi. Kuirudiarudia tulikataa, kwa sababu dawa hiyo ikizidi yenyewe huila gegedu. Kuna wakati alishauriwa goti "lisafishwe" kwa kamera. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 180 wenye magoti yaliyochakaa: baadhi walisafishwa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa bila wao kujua. Waliosafishwa hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi. Kubadilishiwa goti zima ni habari nyingine, na siiogopi. Maumivu yakiwa yanamwamsha usiku na mwendo wake umefupika, naye amefanya mazoezi kwa miezi bila kudanganya, tutakwenda. Hajafika huko.

Kwa wanaoniuliza kuhusu kualisha vidole, yaani kuvivuta mpaka vilie: daktari mmoja Mmarekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha wa kulia. Hakuna mkono uliopata ugonjwa wa viungo. Alisheni tu, ila msifanye hivyo ibadani.

Mifupa iliyovunjika nina uzoefu nayo kupitia mpwa wangu, aliyeanguka akaegemea kiganja. Alifungwa plasta, lile hogo, tukarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Usiku akaanza kulia. Vidole vilikuwa vimevimba, na nilipojaribu kuvinyoosha taratibu alipiga yowe. Dada yangu alitaka kumwongezea dawa ya maumivu mpaka asubuhi. Bahati nzuri nilikuwa nimeambiwa kwamba maumivu yanayozidi baada ya kufungwa plasta, hasa vidole vikinyooshwa, yana maana kwamba shinikizo ndani linaweza kuwa linabana damu, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Tulirudi usiku uleule, plasta ikapasuliwa, mtoto akalala kabla hatujafika nyumbani. Kwa hiyo: siku za kwanza mkono ukae juu kuliko moyo, vidole vichezeshwe, wala usitumbukize kijiti ndani kujikuna. Na mguu au mkono ulioumia sasa hivi usiuvute wala usiuchue kabla haijajulikana kama mfupa umevunjika. Kwa kifundo cha mguu madaktari hutumia kipimo rahisi kilichobuniwa Canada: ukishindwa kukanyaga hatua nne, au mfupa ukiuma unapobonyezwa kwenye kingo za nyuma za vile vinundu viwili vya mfupa, cha ndani na cha nje, piga eksirei.

Dawa za maumivu nitazitaja haraka. Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja, usizimeze pamoja. Zote zinaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa wazee. Kwa goti au vidole, ya kupaka inafaa kujaribiwa kwanza kwa sababu kidogo sana huingia kwenye damu. Na ukipewa kidonge kisicho na jina ambacho kimefuta maumivu yote ya viungo kwa siku moja, uliza kina nini. Vidonge vya steroidi hufanya hivyo, na vikimezwa kwa miezi hudhoofisha mifupa mpaka inaweza kuvunjika kirahisi.

Sasa kuhusu lile swali la mkojo. Ukiumwa mgongo na ghafla ukashindwa kukojoa, au mkojo na choo vinatoka bila kujua, au pana ganzi sehemu za siri na mahali panapogusa tandiko ukipanda baiskeli, nenda hospitali saa ileile, hata kama ni saa nane za usiku. Mishipa ya fahamu ya chini kabisa huenda imebanwa na hapo upasuaji hausubiri kesho. Unyayo unaoanza kuburuza kwa sababu huwezi kuuinua, usimalize nao siku. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kukonda yanahitaji kupimwa, kwani kifua kikuu hukaa mgongoni pia, hata kwa mtu asiyekohoa. Aliyewahi kuugua saratani naye asijitibu mgongo kwa mazoezi ya kwenye simu.

Goti au kiungo kimoja kinachovimba ghafla, cha moto, chekundu, na mtu ana homa, ni cha siku hiyohiyo. Huenda ni jongo, huenda ni usaha, na njia ya kuvitofautisha ni kuvuta maji kwa sindano na kuyapima. Usaha huila gegedu kwa siku chache. Na kama vidole vya mikono yote miwili vinavimba na asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi, hiyo huenda ni baridi yabisi. Pale usisikilize hadithi zangu za kukaa na kusimama. Inataka daktari na dawa za kuituliza kinga ya mwili mapema, kabla viungo havijapinda.

Nami mgongo bado unanikamata. Mwaka jana ilikuwa nikipiga chafya. Safari hii nililala saa chache, jioni nikazunguka nyumba mara mbili nikiwa nimepinda kama alama ya kuuliza, siku ya nne nikarudi kazini. Picha ya zamani iko juu ya kabati na sijapiga nyingine. Viatu vya kamba bado navaa. Navifunga nikiwa nimekaa, lakini huo ni uvivu tu, mgongo hauna kesi.