Kabla hujakimbilia kanuni ya kazi na nishati

Neno lililonisumbua zaidi nilipoanza fizikia halikuwa geni hata kidogo: kazi. Nililijua tangu utotoni, na shida ikaanzia hapo. Katika jaribio moja tuliulizwa: mtu amesimama dakika 10 akiwa ameshikilia mzigo wa kilo 20, amefanya kazi kiasi gani juu ya mzigo huo? Nikazidisha kila tarakimu niliyoiona, hadi dakika. Jibu lilikuwa sifuri. Katika fizikia, kazi ni kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) mara umbali ambao kitu kimesogea kuufuata upande wa kani hiyo. Mzigo haukusogea, basi kani iliyoushikilia haikufanya kazi yoyote juu yake. Uchovu wa yule mtu ni wa kweli, ila unatokana na misuli inayotumia nishati ndani kwa ndani. Mzigo wenyewe haukupata hata jouli moja, yaani kipimo cha nishati.

Kwa hiyo ukipewa swali, weka kalamu chini kwanza. Ni kani ipi inayoulizwa? Kitu kimesogea umbali gani? Kimesogea upande gani ukilinganisha na kani hiyo? Hili la mwisho ndilo wengi hulipuuza. Ukitembea na mzigo ule kwenye sakafu tambarare kwa mwendo usiobadilika, kani yako inaelekea juu ilhali mzigo unaenda mbele, na kazi ya kani hiyo bado ni sifuri. Uinue mita 1.5, hapo sasa mambo hubadilika. Dunia inauvuta kwa nyutoni (kipimo cha kani) 196 hivi, nawe umezishinda kwa umbali wa mita 1.5: jouli 294, ambazo sasa ni nishati tuli, yaani nishati ambayo mzigo unayo kwa kuwa juu. Uachie, nishati tuli igeuke nishati mwendo. Mguu wako ukiwa chini yake utaelewa somo bila mwalimu.

Kitu hakina kazi ndani yake; kina nishati. Kazi hutajwa pale nishati inapohama, ndiyo maana zote mbili hupimwa kwa jouli.

Kwenye nishati mwendo, ambayo ni nusu ya masi mara kipeo cha pili cha mwendo, chunga kile kipeo cha pili. Gari la kilo 1,000 likienda mita 10 kwa sekunde lina jouli 50,000. Likienda mita 20 kwa sekunde lina jouli 200,000. Breki zikivuta kwa nyutoni 5,000, la kwanza litasimama baada ya mita 10, la pili baada ya mita 40. Mwendo umeongezeka mara mbili tu! Mwanafizikia Mholanzi Willem 's Gravesande aliliona jambo hilo karne ya 18, alipoangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini na kupima mashimo yake.

Kazi ya breki hizo ni hasi, kwa kuwa zinavuta nyuma gari likienda mbele. Nishati imeishia kuwa joto. Alama hiyo usiifute. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo jibu sahihi lilikatwa na mwenyewe, kisa limetoka na alama ya kutoa.