Kuvua chewa na changu kando ya gati kwa kayaki

Ndugu, umesema chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, linanasa kila ukivua kwa kayaki kando ya gati la mawe, tena unatoka siku za mwezi mpevu, na sasa unataka kubadilisha mshipi. Mshipi hauna kosa. Hayo ni maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana mwezi ukiwa mpevu au mwandamo.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki bamvua hupanda na kushuka hata karibu mita 4, na mkondo wake huburuta chubwi hadi kwenye nyufa za mawe. Nenda siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, au subiri kitambo kile maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Hapo mshipi unashuka wima. Chubwi likigusa chini, linyanyue upesi shibiri mbili. Lifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe: likinasa, unapoteza chubwi tu. Kwa chambo chukua ngisi, hachomoki ovyo. Changu akidokoa mpe nafasi. Chewa akivuta usimwachie hata kidogo, atakimbilia pangoni.

Kuhusu nanga nakusihi sana: usiifunge ubavuni. Mkondo ukikaza, kayaki inapinduka kufumba na kufumbua. Ifunge omo (mbele) au tezi (nyuma), kisu kiwe karibu. Miezi ya kusi, mawimbi yakipiga ukuta, usitoke kabisa. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Na muulize kwanza msimamizi wa gati, maana penye meli mara nyingi vyombo vidogo haviruhusiwi kukaribia.