Modi ya kawaida inafaa, ila iwe na sheria zake

Kaka, umesema modi ya kawaida kwenye gemu za ushindani ni bure tu, kwa sababu watu wanaingia na hasira zilezile za ranki, yaani mechi za pointi za kupanda daraja. Sikubaliani nawe. Modi hiyo inakwama pale watengenezaji wanapochukua mechi ileile ya ranki na kuondoa pointi. Ramani ile, urefu ule, majukumu yale. Hapo utulivu utoke wapi?

Tazama ARAM, modi ya kawaida ya League of Legends, gemu ya timu mbili kupigana. Njia ni moja, shujaa (mhusika unayemchezesha) hutoka kwa bahati nasibu, na huwezi kununua vifaa vipya mpaka ufe. Mapigano yanaanza mapema, na ni vigumu kumlaumu mtu kwa shujaa ambaye hakujipangia. Counter-Strike nayo, gemu ya kupigana kwa bunduki, kwenye modi ya kawaida risasi yako haimdhuru mwenzako na fulana ya kuzuia risasi unapewa bure. Mgeni anapata pa kujifunzia.

Kwenye modi za kawaida pia, League na Overwatch (gemu nyingine ya risasi) hupima uwezo wako kimyakimya ili wapinzani wasikuzidi mno. Hilo lisiguswe kabisa! Bila hilo anayeanza atachapwa mpaka afute gemu.

Huku kwetu Mbeya ndiyo tunazihitaji modi hizi zaidi. Mtandao ukiyumba katikati ya ranki, wenzako wanabaki pungufu na wewe unaadhibiwa kama mtoro. Kijana wa Mwanjelwa mwenye bando la kuhesabu anataka mechi fupi, aimalize kabla mtandao haujamwangusha.