Jibu kwa mwalimu wa Sengerema kuhusu miradi ya mtandaoni na shule za nje

Mwalimu mwenzangu wa Sengerema, umeuliza kama shule yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha inaweza kushiriki mradi wa mtandaoni na shule za nchi nyingine, au ni heri isubiri chumba cha kompyuta kijengwe. Nimesimamia miradi ya aina hiyo katika sekondari moja hapa Ilemela kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu ni kwamba msisubiri, ila msianze na mazungumzo ya video.

Video humvutia kila mtu, wakiwamo wakuu wa shule, lakini ndiyo inayowavunja moyo wanafunzi upesi. Saa nane mchana ya Mwanza ni saa moja asubuhi huko New York wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili alfajiri wakati wa baridi, hivyo hakuna darasa lililo tayari upande wa pili. Mtandao wa iEARN ulianza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, muda mrefu kabla ya intaneti ya kasi kufika madarasani, na leo una shule katika nchi zaidi ya 100. Kinachoubeba mradi ni kazi ambayo pande zote mbili zinaihitaji, na kazi hiyo inaweza kuandikwa daftarini kwanza, kisha mwalimu akaituma mara moja kwa wiki kwa bando la simu yake.

Kwetu sisi wa kanda ya ziwa, kazi hiyo ipo mlangoni. Wanafunzi wetu hupima uangavu wa maji kwa kifuniko cha ndoo kilichopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa robo, kikafungwa jiwe na kamba yenye alama kila sentimita 10: kinashushwa taratibu, na kina ambapo macho hayakioni tena kifuniko ndicho kinachoandikwa. Mpango wa GLOBE, ulioanza mwaka 1995, hukusanya vipimo vya namna hiyo vya maji, hewa na udongo kutoka shule za nchi nyingi. Masika mito ikileta tope, namba hushuka, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anapomweleza mwenzake wa shule mshirika sababu yake, anaandika kwa bidii ambayo sijawahi kuiona katika insha za kawaida. Nasisitiza jambo moja kwa uzito: pimeni mkiwa juu ya gati, mwalimu akiwapo, na mtoto asiingie majini, kwa sababu kichocho kipo kando ya ziwa hili na mamba pia wapo.

Ningekushauri mshirika wa kwanza awe shule ya Kisumu au Entebbe kabla ya kutafuta ya Ulaya. Ziwa ni lile lile, saa ni ile ile, gugu maji linalowasumbua wao linatusumbua na sisi, na kwa Kisumu wanafunzi wanaweza kuandikiana Kiswahili bila woga wa kukosea Kiingereza. Mshirika wa mbali akija baadaye, wanafunzi wenu watakuwa tayari na takwimu za kumwonyesha, nao hawatakuwa wageni wa kusimuliwa tu.

Kalenda iangalieni mapema. Sisi hufunga Juni na Desemba, ilhali shule nyingi za Ulaya hupumzika Julai na Agosti, kwa hiyo kipindi chenye nafuu ni Septemba hadi Novemba.

Kuhusu ruhusa, andikieni wazazi barua ya Kiswahili inayotaja nini kitatumwa na kwa nani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia. Sisi hutuma jina la kwanza pekee, na picha zetu huonyesha mikono, kamba na maji. Mkuu wa shule asaini kabla ya ujumbe wa kwanza kutoka. Nakala ya barua yetu ninayo. Ukiihitaji, nitaibandika hapa chini.