Geji ya bluu peke yake haijui gesi imebaki kiasi gani

SWALI: Gari langu linatumia gesi ya R134a. AC inapoza vizuri nikiwa kwenye mwendo, lakini nikikaa kwenye foleni inatoa hewa ya uvuguvugu. Fundi aliunganisha geji ya bluu, ya upande wa presha ndogo, akaongeza gesi mara mbili. Sasa inasoma psi 55 injini ikiwaka, na hali imezidi kuwa mbaya. Je, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa?

JIBU: Huenda kompresa ni nzima, na kilichoharibika zaidi ni hesabu ya gesi. Psi 55 upande wa chini, yaani wa presha ndogo, ni nyingi, lakini namba hiyo peke yake ina maana mbili zinazopingana. Kama upande wa juu, wa presha kubwa, nao unasoma psi 300 na kitu, joto halitoki kwenye kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari. Kama upande wa juu umelala kwenye psi 110, hapo kompresa haisukumi. Geji ya bluu inasoma vilevile kwa magonjwa yote mawili. Fundi asiyeunganisha ile nyekundu, ya upande wa juu, anabahatisha.

Dalili yako inaelekeza kwenye kondensa. Gari likitembea, upepo wa barabarani huipoza. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Washa AC gari likiwa limesimama, uone kama feni inazunguka kwa nguvu, kisha kagua mapezi ya kondensa kama yameziba vumbi na wadudu. Halafu unganisha geji zote mbili, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, na umwagie kondensa maji. Presha ya juu ikishuka haraka na hewa ya ndani ikaanza kupoa, umeshajua tatizo liko wapi. Kwenye joto la nje la 30°C, mfumo wa R134a usio na hitilafu kwa kawaida husoma psi 30 hadi 45 chini, na 180 hadi 230 juu.

Sasa lile linalochosha: imani kwamba presha ndiyo kipimo cha gesi. Siyo. Zima injini, subiri pande zote mbili zisawazike, na kwenye 30°C geji zitasoma psi 97 hivi, iwe ndani mna gramu 200 au 600. Mradi kimiminika kimebaki, presha hufuata joto, haifuati uzito. Ndiyo maana kibandiko chini ya boneti hutaja gramu, wala hakitaji psi. Gesi ikizidi, kimiminika hujaa kondensa na kula nafasi ambayo mvuke ungepozwa, presha ya juu inapanda, na swichi ya usalama inakata kompresa. Ukiona inakata, usiruhusu mtu airuke swichi hiyo kwa kuunganisha kipande cha waya.

Baada ya feni kutengenezwa, usikubali "tupunguze kidogo tuone". Gesi yote ivutwe kwa mashine, mfumo upigwe vakyumu, yaani unyonywe hewa na unyevu wote kwa pampu, angalau dakika 30, pampu izimwe na geji itazamwe dakika 15. Ikipanda, kuna tundu au unyevu. Isipopanda, ijazwe kwa mizani, kwa gramu za kibandiko. Kama gesi kweli ilikuwa imepungua mwanzoni, ilitoka mahali. AC haili gesi kama injini inavyokula mafuta. Tafuta alama za oili kwenye maungio na kwenye sili ya mbele ya kompresa.

Na dawa za kopo za kuziba matundu? Huganda zikikutana na hewa na unyevu, na zinaweza kuziba valvu ya upanuzi, kile kitundu chembamba kinachopitisha gesi kwenda kupoza, pamoja na mashine ya fundi atakayefuata. Wapo hata wanaojaza gesi ya kupikia kwa sababu "inapoza". Inapoza kweli. Pia inashika moto, na evapureta, kile kipozeo cha hewa ya ndani, iko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti yako.

Anayejaza kwa kopo injini ikiwaka ahakikishe valvu nyekundu ya manifoldi, kile kifaa kinachobeba geji zote mbili, imefungwa. Ikifunguliwa, gesi ya moto yenye psi 200 na zaidi hurudi kwenye kopo lisilotengenezwa kuihimili, nalo hupasukia mkononi.