Jengo la gazeti limegeukaje nyumba za watu?

SWALI: Mhariri salamu. Nimeona picha ya ghorofa moja la zamani huko Chicago, juu limejaa nakshi kama kanisa, chini ukutani kumepachikwa mawe yameandikwa Taj Mahal sijui Parthenon, halafu jamaa yangu ananiambia siku hizi watu wanaishi humo. Ni kweli? Lilikuwa nini mwanzo, na hivi ofisi unaifanyaje iwe nyumba?

JIBU: Kweli kabisa, wanaishi. Hilo ni Tribune Tower, lilikuwa makao ya gazeti la Chicago Tribune. Mwaka 1922 gazeti linatimiza miaka 75, wakatangaza shindano la kuchora jengo la ofisi zuri kuliko yote duniani, zawadi ya kwanza dola 50,000, na enzi hizo hizo ni hela haswa, basi michoro ikamiminika zaidi ya 260 kutoka nchi kibao. Wakashinda John Mead Howells na Raymond Hood wa New York, jengo likakamilika 1925, mita 141 kwenda juu. Ila wajuzi wengi mpaka leo wanasema mchoro wa maana ulikuwa wa Eliel Saarinen wa Finland aliyeshika namba mbili, na mimi niko upande wao, maana zile nguzo za kule juu unazoona kama zinaegemea mnara hazibebi chochote, urembo tu.

Mawe sasa. Bosi wa gazeti, Robert McCormick, alikuwa anawaagiza waandishi wake walioko nje wamletee vipande vya majengo maarufu, eti kwa njia halali (jiwe la Piramidi unaliombaje kihalali, mwenzangu?), vikaja zaidi ya 100, vikajengewa ukutani.

Jengo likauzwa, gazeti likahama 2018, wenye jengo wapya wakatengeneza apatimenti 162 za kuuza. Sura ya nje hawakuwa na ruhusa ya kuivuruga kwani jiji lilishaliorodhesha kama jengo la kihistoria tangu 1989.

Kuhusu ofisi kuwa nyumba, kikubwa ni dirisha. Ofisi za miaka ile zilijengwa kabla taa za tyubu na viyoyozi havijaenea, karani alitegemea mwanga na hewa ya dirishani, kwa hiyo hawakumkalisha mbali nalo, na ndo maana ukija kugawa vyumba leo kila kimoja kinapata dirisha lake. Ofisi mpya ni pana mno, katikati giza tupu, pale utaweka stoo na stoo na stoo. Kwenye ya zamani kasheshe ni maji, maana ofisi ghorofa nzima inachangia vyoo vya sehemu moja, ila apatimenti kila moja inataka choo, bafu na jiko, so mafundi wanatoboa sakafu juu mpaka chini kupitisha mabomba mapya, na hapo ndo hela nyingi inapoishia.