Chai ilipoanza kumpalia Baba

Kwa miaka kadhaa baada ya Baba kugundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson, sisi wanawe tulihangaikia mkono uliotetemeka na miguu iliyoburuta, tusijue kwamba misuli ya koo na ya kifua nayo hukakamaa. Chai ilipompalia tulicheka na kumwambia kuna mtu anamsema.

Kilichotuzindua ni nimonia iliyomlaza hospitalini siku tisa. Daktari alitueleza kwamba chakula na mate vilikuwa vikipenya kidogo kidogo kwenye njia ya hewa, na kwamba mgonjwa wa Parkinson anaweza kuvutia kinywaji mapafuni bila kukohoa hata mara moja, kwa sababu koo hupungukiwa hisia na kikohozi chenyewe hukosa nguvu. Kwa hiyo usisubiri apaliwe. Sikiliza kama sauti yake huwa na majimaji baada ya kunywa, na angalia kama mlo unachukua saa nzima, uzito unapungua, homa ya kifua inarudi, au udenda unalowesha mto. Mimi nilidhani mate yamezidi, kumbe ni kwamba hayamezi mara kwa mara kama zamani.

Lililotusaidia kuliko yote ni kuangalia saa. Baba humeza vizuri wakati levodopa, dawa yake ya Parkinson, imekolea mwilini, na dawa ikiisha nguvu koo hukaza. Kwa maelekezo ya daktari, humeza dawa nusu saa kabla ya mlo, kwa kuwa protini ya nyama, maharage au maziwa hupunguza ufyonzwaji wake. Zamani chakula kilingoja hadi familia nzima itimie mezani, na heshima hiyo ilimfanya ale chakula wakati dawa imekwisha nguvu.

Maji matupu humpa shida zaidi, kwani huteremka kabla koo halijajiandaa. Uji mzito, mtori na bokoboko humpitia vyema kuliko makande, ambayo mchuzi wake hutangulia na punje zikabaki nyuma. Hula akiwa ameketi wima kitini, tonge moja baada ya jingine, televisheni ikiwa imezimwa, kisha hubaki ameketi kwa nusu saa. Kuinamisha kidevu wakati wa kumeza alifundishwa na mtaalamu baada ya kupimwa, na si kila mgonjwa kunamfaa. Meno na ulimi husafishwa kila siku bila kukosa, maana bakteria wa kinywani husafiri na mate hadi mapafuni.

Pumzi ilitutia hofu kwa namna nyingine. Jioni alilalamika kukosa hewa. Moyo na mapafu vilipopimwa na kuonekana salama, tuliandika saa za tatizo kwa wiki mbili, tukaona kwamba humjia dozi inapokaribia kwisha, na daktari akarekebisha ratiba. Sasa hufanya mazoezi ya kupuliza kwa nguvu kwenye kifaa kidogo chenye ukinzani, ambayo huimarisha kikohozi pia, na husoma gazeti kwa sauti kubwa hadi jirani anajua matokeo ya mpira.

Nyumbani sote tumejifunza la kufanya tonge likimkwama asiweze kusema wala kukohoa: tunamwinamisha mbele na kumpiga kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, na lisipotoka tunamkumbatia kwa nyuma na kusukuma tumbo, juu kidogo ya kitovu, kuelekea ndani na juu mara tano, tukibadilishana hivyo huku mmoja wetu akiita msaada.